Dolphine Bado Yuko Ziwani

Benchi langu liko Migori mjini, nyuma ya stegi ya magari ya Isebania, limeegemea ukuta wa duka la mbolea ambalo mwenyewe alishachoka kutufukuza. Kahawa ni yangu, tangawizi ni yangu, vikombe ni vyangu. Maneno tu ndiyo yao, na hata nikipewa bure siyachukui. Wateja wa kudumu ni wanne. Kuna Joash, tunayemwita Mheshimiwa kwa sababu aliwahi kuomba kura akakosa, lakini cheo amekataa kukirudisha. Kuna Mogire, mtu wa Kisii anayeuza mizizi na maganda ya miti kwenye chupa za soda. Huyo ni Daktari. Kuna Austine wa bodaboda, Google, kijana ambaye sijawahi kumsikia akisema hajui. Na kuna Boaz, fundi wa pikipiki, ambaye zamani alipiga gitaa la besi kwenye bendi, na mpaka leo jina lake ni Besi. Mimi ni Risper, Mama Terry kwa wote, na Alhamisi hiyo nilikuwa nimechoka hata kabla jiko halijashika moto.

Aliyenichosha ni Besi. Alifika na bango jipya la rangi, akalibandika kwenye ukuta wa mbolea, akarudi nyuma kulitazama. Jumamosi, Homa Bay, kando ya ziwa, muziki mchana kutwa. Katikati ya bango amekaa Nashon Okoth na nyatiti yake, na kwenye kona, akiwa mdogo kuliko jina la soda inayodhamini, yuko Besi mwenyewe.

Google: Manze Besi, hii bango ni moto! Na msee mwenyewe amekubali?

Besi: Atakubali.

Google: Sijauliza kama atakubali. Nimeuliza kama amekubali.

Besi: Nimempigia juzi, nikampigia jana. Anasema ako na kazi ya ku-edit. Anakata simu.

Mheshimiwa: Na wewe uliambia wenye shoo nini?

Besi: Niliwaambia bendi yote itakuwa.

Daktari: Woi! Na Jumamosi ni keshokutwa!

Mheshimiwa: Kwa hivyo utapanda jukwaani na besi peke yake. Dum, dum, dum. Watu wa Homa Bay watafikiri ni jenereta imeletwa.

Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Besi hakucheka, na mimi sikucheka, kwa sababu najua kilichokuwa kinamuuma. Aibu ya jukwaani ipo, sikatai. Lakini yeye na Nashon walikuwa wakila sahani moja, wakilala nyumba moja safari za mbali, na tangu Nashon aweke nyatiti chini hawajawahi kuketi pamoja hata kwa chai. Besi alikuwa amemkosa rafiki yake. Shoo ilikuwa kisingizio tu cha kumpata tena.

Besi: Mimi nataka kujua kitu moja tu. Kwa nini aliacha? Nikijua hiyo, nitajua cha kumwambia. Nyinyi wote mlikuwa Rongo ile siku yake ya mwisho kupiga. Nisaidieni, jowa.

Jowa ni kusema enyi watu wetu, na mtu akiita benchi hili hivyo, ujue amefika mwisho wa akili.

Kwa asiyemjua Nashon, nitaeleza upesi kabla hawajaanza kupiga kelele. Nyatiti ni kinanda cha wazee wa Kiluo. Mpigaji hukaa kwenye kigoda kifupi, huvaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, na kidole hicho hugonga ubao wa kinanda huku mikono ikichezea nyuzi. Ilikuwa ya matangani na ya sherehe za nyumbani. Nashon akaichukua, akaitia maikrofoni tumboni, akaiunganisha kwenye spika za gitaa, akamweka Besi kushoto na mpiga ngoma nyuma. Wazee walisema ameharibu nyatiti. Vijana walisema ameharibu muziki wa roki. Na wote walijaa uwanjani, Oyugis, Rongo, Mbita, hata kisiwani Remba ambako hakuna nafasi ya kutandika mkeka.

Halafu siku moja akaacha. Akanunua kamera, akafungua studio pale Rongo, na sasa ndiye anayepiga video za harusi, za kwaya na za mazishi kutoka Homa Bay mpaka mpakani. Studio inaitwa Mwisho Media.

Daktari: Mimi nitasema kama mtu wa afya. Ni kidole.

Besi: Kidole gani?

Daktari: Ile gumba ya mguu, yenye pete. Miaka yote hiyo unagonga mbao na kidole! Damu ya kidole gumba inapanda moja kwa moja mpaka kwa koo. Kidole ikiumia, sauti inakufa.

Besi: Daktari, mimi nilikuwa naangalia hiyo kidole kuliko mtu yeyote. Mpiga besi anafuata kidole. Nashon akigonga, mimi nagonga. Sikuwa naona watu, sikuwa naona jua, nilikuwa naona kidole. Ilikuwa mzima.

Daktari: Mpaka ile siku ya Rongo! Wewe uliangalia kidole, mimi niliangalia mwenye kuangalia kidole. Mbele kabisa, kwa kiti ya plastiki, kulikuwa na mama mzee, kitambaa ya bluu kwa kichwa. Haongei, hachezi, hapigi makofi. Watu wote wameruka juu, yeye ameketi tu anamkazia Nashon macho.

Google: Eh, hata mimi nilimwona! Mathe wa kitambaa ya bluu!

Daktari: Sasa nani anaenda kwa mziki na hachezi? Yule mama alikuja na kazi yake. Alimfunga kidole na macho. Giza ilipoingia akainuka, akaenda, na Nashon hajapiga tena. Ninayo dawa ya hiyo, ni chupa moja tu.

Nilimwona mimi pia huyo mama. Nilikuwa nimepeleka mandazi ya kuuza, na alinunua mbili, akala moja, ya pili akaifunga kwenye leso. Mchawi hafungi andazi kwenye leso. Niliwaambia hivyo, na hakuna aliyenisikia.

Google: Daktari, hiyo ni ya kitambo. Dunia imesonga. Mi nawaambia ukweli, na msiseme nimesema. Nashon alichukuliwa.

Mheshimiwa: Na nani?

Google: Wale watu. Wenye kompyuta. Jiulizeni, studio ya kijijini inaitwaje Mwisho? Mwisho ya nini? Ya dunia, buda! Na ile drone yake?

Daktari: Ile ndege ndogo ya mazishi?

Google: Mnafikiri inapiga picha tu? Inasikiza! Inapita juu ya matanga, inanyonya sauti za wamama wakilia, inatuma ng'ambo. Huko kompyuta inafunzwa kulia kama Mluo. Kesho utakufa, jamaa wako walipie kilio ya mashine.

Mheshimiwa: Wewe! Kilio ya mashine itajua jina la babu yangu?

Google: Inajua tayari. Ulilitaja mwenyewe kwa matanga tano.

Besi: Si aliita Mwisho kwa sababu anapiga video za mazishi? Mwisho wa safari ya mtu?

Google: Hiyo ndio wanataka ufikiri.

Nikamwambia Google anywe kahawa. Lakini Mheshimiwa alikuwa ameshaanza kuinuka, na akiinuka huyo, mjue siasa imefika. Alifunga kifungo cha koti.

Mheshimiwa: Sasa mmeongea nyinyi, wacha mwenye habari aongee. Nashon alinunuliwa. Wapinzani wangu waliona nikienda kwa shoo yake, mimi ndio nasifiwa zaidi kuliko wote. Wakasema, huyu Joash, tukitaka kummaliza, tumnyamazishe mwanamuziki wake. Wakamnunulia kamera.

Daktari: Nani alikuwa anakusifu?

Mheshimiwa: Mimi mwenyewe. Kwani si ndio utaratibu?

Besi: Na hiyo kamera imekufanyia nini?

Mheshimiwa: Imeniua! Mazishi ya shemeji yangu niliongea hotuba mpaka wazee wakalala. Video ilipotoka, mimi niko hapo nasafisha koo, nasema "Mabibi na mabwana," halafu inaonyesha ng'ombe. Ng'ombe! Hotuba yote imeenda!

Hapo hata Besi alicheka. Lakini ni kweli, watu wote wa huku wanamlalamikia Nashon kwa hilo. Hotuba anakata bila huruma, awe chifu, awe askofu. Lakini wimbo hakati. Kwaya yetu ilipiga video kwake, nikakaa kuitazama huku mafuta yako motoni, nikidhani ataruka beti mbili tatu kama wenzake. Akaacha zote, na pambio, na lile pambio la kurudia. Mandazi yangu yaliungua, na kiongozi wa kwaya alilia kwa furaha kwa sababu hakuna aliyewahi kufika nao mwisho.

Wakati huo kulikuwa na mgeni. Alikuwa amekaa ukingoni mwa benchi tangu hadithi ya drone, mtu mzima mwenye fimbo na koti la mvua, anangoja gari la Isebania lijae. Alijitambulisha kwa jina Wangwe, Mkuria, mfanyabiashara wa ng'ombe. Alikunywa kikombe cha kwanza macho yakiwa stegini. Kwenye cha pili akakohoa.

Wangwe: Samahani wazee. Huyu bwana mnayemsema, mimi simjui. Aliimba nini hasa?

Google: Mzee, hujui "Dolphine"? Ulikuwa wapi?

Wangwe: Kwa ng'ombe.

Besi: "Dolphine" ndio ilikuwa wimbo yake kubwa. Ni hadithi. Kuna mama anaitwa Dolphine, ametoka Remba na omena, dagaa wa ziwa, anavuka kuja Homa Bay. Ako na mizigo miwili.

Daktari: Gunia mbili za omena.

Mheshimiwa: Moja ya omena, moja ya mbuta. Hiyo nilikuwa nataka kusahihisha tangu zamani.

Daktari: Mbuta ni samaki kubwa, haiwekwi kwa gunia.

Mheshimiwa: Ya kukausha inawekwa!

Besi: Wimbo inasema mizigo miwili, basi. Mmoja kichwani, mmoja haushikiki.

Google: Haushikiki ni omena imeanza kuoza.

Wangwe alikuwa anasikiliza kwa makini, kama anayesikiliza bei ya ng'ombe. Akaomba aimbiwe kidogo. Basi Besi akagonga benchi kwa vidole, dum, dum, akaanza kwa ile sauti yake nzito isiyojua kupanda. Dolphine anaaga Remba. Mashua inasukumwa. Kisiwa kinabaki nyuma kidogo kidogo. Google akaingia na mluzi mahali pa nyatiti, Daktari akapiga chupa zake. Lazima niseme, ilikuwa tamu. Wapakiaji wa mbolea walisimama. Besi akafika pale wingu linapopanda upande wa Mbita, upepo unageuka, injini inakohoa na kuzima, mvua inaanza kupiga maji, na Dolphine anashika tumbo la mashua kwa mikono yote...

Na Mheshimiwa akaruka juu ya benchi, mkono hewani.

Mheshimiwa: Simamisha! Simamisha hapo! Mimi Joash, simba wa Migori, mwana wa mama asiyepika chakula cha mtu mmoja! Nikipita mbwa wananyamaza! Nikinunua soda, nanunua na kreti!

Kila mtu akanyamaza, Besi akafunika benchi kwa kiganja kama anazima nyuzi. Mheshimiwa akajisifu mpaka akatosheka, akashuka, akafuta jasho. Wangwe alikuwa ameshtuka, ameshika fimbo kwa mikono miwili.

Wangwe: Kuna nini? Mbona amemkatiza?

Mimi: Usiogope. Ni pakruok hiyo. Kwa Waluo, mziki ukipamba moto, mtu anainua mkono, mziki unasimama, anajisifu mbele ya watu. Akimaliza unaendelea. Ni heshima.

Besi: Na mpiga besi ndio anasimama kwanza. Ukiona mkono, unazima nyuzi. Hiyo ndio ilikuwa kazi yangu, na niliifanya vizuri.

Wangwe: Sawa, nimeelewa. Halafu mziki unaendelea.

Besi: Unaendelea.

Wangwe: Kutoka pale mlipoacha?

Besi: Hapana, kutoka mwanzo. Watu wamechangamka, huwezi kuanzia katikati. Tunarudi Remba, tunamsukuma tena.

Wangwe: Na mkifika kwenye mvua?

Google: Hapo ndio penye utamu, mzee! Hapo kila mtu anataka kujisifu! Kama si Mheshimiwa ni mwingine. Hata Mama Terry alisimama siku moja, akasema yeye ni sukari ya Suna yote.

Mimi: Na ni kweli.

Wangwe akanywa kahawa yake mpaka chini. Akakipindua kikombe kumwaga machicha, akakiweka kando taratibu, akatutazama mmoja mmoja.

Wangwe: Sasa huyo mama. Alifika?

Google akatoa simu, akaandika, akaitazama, akairudisha mfukoni. Mheshimiwa akasema bila shaka alifika, mtu wa Remba hawezi kuzama. Daktari akasema hapana, alizama, ndiyo maana wimbo una huzuni. Google akasema ilikuwa itoke sehemu ya pili. Nikawauliza nani kati yao amesikia ubeti wa mwisho kwa masikio yake. Hakuna. Nikajiuliza mimi, na mimi sikuwa nao. Miaka yote tumecheza huo wimbo, tumeuimba tukiosha vyombo, tumeuweka kwenye simu uwe wa kuita, na yule mama tumemwacha katikati ya maji, injini imezima.

Tukamgeukia Besi. Huyo ndiye aliyekuwa jukwaani kila siku.

Besi: Msiniangalie hivyo.

Mimi: Boaz, alifika?

Besi: Mama Terry, mimi nilikuwa nazima nyuzi! Sijui. Hata mazoezini tulikuwa tunafanya mwanzo, na mahali pa kusimama. Mwisho tulikuwa tunasema tutafanya siku nyingine.

Akatazama bango lake. Halafu akatoa simu mfukoni, mikono yake ina grisi, akapiga, akaiweka sauti ya juu. Tulijikunja wote juu ya ile simu, na Wangwe na fimbo yake.

Nashon: Besi, niko na kazi ya ku-edit.

Besi: Ngoja, usikate. Sitaki mambo ya Jumamosi. Nataka kukuuliza kitu. Dolphine alifika?

Tulisikia jogoo wa Rongo na feni ya kompyuta.

Nashon: Nani ameuliza hiyo?

Besi: Mimi.

Nashon: Mimi nakujua, Besi. Nani ameuliza?

Besi: Mzee mmoja Mkuria. Anangoja gari ya Isebania.

Nashon akacheka. Kicheko chake hakijabadilika, kinaanzia puani.

Nashon: Nilijua si mtu wetu. Besi, mimi naitwa nani?

Besi: Si Nashon?

Nashon: Taja yote.

Besi: Nashon Okoth.

Nashon: Na Okoth ni nini?

Besi: Kwani unanipa mtihani? Kila mtu anajua. Okoth ni mtoto amezaliwa mvua ikinyesha.

Nashon: Mvua gani, Besi?

Vidole vya Besi vilikuwa vinatembea juu ya paja, polepole, kama anatafuta noti ya wimbo aliyoisahau. Mimi nilikuwa nimeshika birika, nikaliweka chini.

Besi: Mzigo wa pili.

Nashon: Eeh.

Besi: Ule haushikiki. Mzigo wa pili ulikuwa wewe.

Nashon: Alifika, Besi. Mashua iligonga mchanga, akanizaa hapo hapo ufukoni, hata gunia halijashushwa. Hiyo ndio beti ya mwisho. Sijawahi kuiimba mbele ya mtu.

Besi: Sasa Dolphine ni Min Nashon? Huyu mama amenipikia? Nimelala kwake, omera, ndugu yangu! Sikujua jina lake!

Na angelijuaje? Huku mama wa rafiki yako haitwi jina. Ni Min Nashon, mama ya Nashon, basi, mpaka anazeeka. Hata mimi, wakinizika leo, nusu ya wateja wangu watauliza Risper ni nani.

Nashon: Ile siku ya Rongo nilimleta asikie. Nilimwambia, mama, leo utafika. Akakaa mbele kabisa, amefunga kitambaa chake cha bluu.

Daktari aliweka chupa yake chini, akaisukuma chini ya benchi kwa kisigino.

Nashon: Mvua ikaanza, mtu akainua mkono. Akajisifu, tukarudi mwanzo. Mvua ikaanza, akainua tena. Mama akangoja tu. Anajua huo mwisho kuliko mimi, lakini alitaka kusikia nikisema mbele ya watu. Giza ikaingia, mwenye gari akamwita, akaenda. Usiku aliniuliza, kwani mimi huwa naachwa hapo majini kila siku? Nikaweka nyatiti chini. Sasa kwa kamera, mimi ndio nakata. Hakuna anayenikatiza.

Hakuna mtu aliyemtazama Mheshimiwa. Tulitazama jiko, tukatazama barabara. Nadhani ingekuwa afadhali tumtukane.

Besi: Kwa nini hukuniambia?

Nashon: Ningekuambia nini? Mkono ukiinuka, wewe ndio ulikuwa wa kwanza kunyamaza.

Besi: Ni kweli.

Nashon: Haya. Niko na kazi.

Besi: Nashon, ngoja. Jumamosi sitanyamaza. Wainue mikono, wainue na miguu, mimi sitaona. Nitaangalia kidole chako tu. Ukigonga, nagonga, mpaka ufikishe mama kwa mchanga. Ukitaka kuja, kuja. Usipokuja nitapiga peke yangu, wafikiri ni jenereta. Lakini nimekukosa sana, omera. Hiyo ndio nilikuwa nataka kusema tangu juzi.

Nikadhani amekata. Jogoo akawika tena.

Nashon: Mama siku hizi mgongo unamsumbua. Hawezi kukaa kwa benchi. Mtamtafutia kiti?

Besi: Tutatafuta.

Nashon: Basi badilisha nyuzi za besi. Zile za zamani ni kutu.

Akakata. Besi alibaki ameshika ile simu mbele ya uso, machozi yanamshuka kwenye grisi, na hakujificha. Google alitaka kusema kitu kuhusu drone nikamwonyesha kijiko. Pale stegini mpiga debe akaanza kuita, Isebania mmoja, Isebania mmoja, na Wangwe akainuka akijipangusa koti.

Wangwe: Kwa hiyo alifika.

Besi: Alifika, mzee.

Wangwe: Vizuri. Ningesumbuka njia nzima.

Akaenda zake na fimbo yake. Kahawa ilikuwa imekwisha, na kwa kawaida ikiisha wanatawanyika wakilalamika, lakini siku hiyo hakuna aliyeondoka. Halafu Mheshimiwa akasimama. Akafunga kifungo cha koti, akasafisha koo, na mkono wake ukaanza kupanda wenyewe kwa mazoea. Ukafika usawa wa sikio. Akautazama, akaushusha, akautia mfukoni.

Mheshimiwa: Mama Terry, hicho kiti chako cha plastiki kina mgongo?

Mimi: Kina.

Mheshimiwa: Nitakibeba mimi. Mpaka Homa Bay. Nitamwekea mbele, halafu nitakaa nyuma kabisa.

Nikamwambia asichukue hicho, mguu wake mmoja una ufa. Nikazunguka nyuma ya jiko, nikamtolea kile kizima ninachokalia mwenyewe.